Nyumba Moja, Majiko Sita: Kuirudisha Nyumba ya Kale Mikononi mwa Familia Moja

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Mada tuliyopewa ni nyumba. Si ujenzi wa nyumba mpya, ambao kamati nyingi mmekwisha kuuzoea, bali zile nyumba za zamani zilizogawanywa vipande vipande na kukaliwa na watu wengi, pamoja na juhudi za kuzirudisha ziwe makazi ya familia moja kama zilivyokuwa. Mfano wetu tumeuchukua Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa kuwa huko jambo hili limefanyika kwa wingi na kwa muda mrefu. Lakini msidhani ni habari za Zanzibar tu. Baadhi ya parokia zinazo nyumba za misheni za mawe ambazo leo chumba cha kwanza anakaa mwalimu, cha pili muuguzi, na cha tatu kimekuwa stoo ya mbolea.

Tuseme mapema tunachokiamini, ili msikisubiri hadi mwisho. Mradi wa aina hii ambao bajeti yake haina fungu kwa ajili ya wapangaji watakaotoka, sisi hatushauri upewe fedha, hata kama picha za mlango wake wa kuchonga zinapendeza namna gani.

Nyumba ilivyokuwa

Nyumba nyingi kubwa za Mji Mkongwe zilijengwa katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, nazo huwa na unene wa nusu mita au zaidi. Dari zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti nzuri iliyonyooka haivuki sana mita 3, vyumba vyote vikawa vyembamba na virefu. Anayeshangaa kwa nini tajiri wa enzi zile alilala katika chumba chembamba kama ukumbi wa kupitia, jibu ni boriti.

Chini palikuwa na daka na baraza, stoo za mali, na mahali pa kupokelea wageni wanaume. Katikati ulikuwepo ua wa ndani unaoingiza hewa na mwanga, mara nyingi pamoja na kisima au birika. Familia yenyewe ilikaa ghorofani, na jiko liliwekwa uani au juu kabisa ili moshi uende zake. Choo kilikuwa kona moja, cha ghorofa ya juu kikiwa juu ya kile cha chini, na maji yalibebwa kwa ndoo. Tunawaomba mkumbuke habari ya choo na ndoo, maana tutairudia.

Tena, tunaposema familia moja tusifikirie baba, mama na watoto wawili. Nyumba kama hiyo ilikuwa na bibi na babu, wana walioa, mashangazi wajane, na watumishi, ambao katika sehemu kubwa ya karne ile walikuwa watumwa. Biashara ya utumwa ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873, na hadhi ya utumwa yenyewe ikaondolewa kisheria mwaka 1897. Kwa hiyo anayesema anataka kuirudisha nyumba katika hali yake ya asili, aangalie asiseme zaidi ya anavyokusudia. Tunarudisha kuta na paa. Mengine tunayaacha huko huko yalikozikwa.

Ilivyogawanyika

Wengi hudhani nyumba hizi ziligawanywa mwaka 1964 peke yake. Ukweli ni kwamba mgawanyo wa kwanza ni wa urithi. Chukueni mtu aliyefariki akaacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mke hupata sehemu moja ya nane. Kinachobaki hugawiwa watoto, mwana akipata mara mbili ya binti. Hivyo kila binti anapata moja ya nane na kila mwana mbili ya nane. Hesabu inatimia vizuri sana kwenye karatasi, lakini nyumba ina ngazi moja na paa moja. Warithi hao sita nao wakifariki, wajukuu wanaweza kufika ishirini au thelathini, mmoja yuko Mombasa, mwingine Muscat, mwingine London, na hakuna hata mmoja mwenye sehemu kubwa kiasi cha kumfanya anunue mabati. Wazee waliojua hatari hiyo waliiweka nyumba wakf, isiuzwe wala isigawanywe, manufaa yake yaende kwa kizazi chao au kwa maskini. Ndiyo maana nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakf hadi leo.

Kisha yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Wenye nyumba wengi waliondoka, na Serikali ya Mapinduzi ikataifisha majengo mengi. Ndani yake zikaingia familia kutoka mashamba na Ng'ambo, chumba kimoja au viwili kwa kila familia, kwa kodi ndogo sana. Hatukuja hapa kuhukumu mambo ya mwaka ule. Kwa aliyepoteza nyumba ulikuwa msiba. Kwa aliyetoka katika kibanda kinachovuja, kupewa chumba chenye ukuta wa mawe ilikuwa haki iliyochelewa. Yote mawili ni kweli, na anayetaka kuikarabati nyumba hiyo atakutana nayo yote mawili mlangoni, mara nyingi asubuhi moja.

Kodi ile ndogo ilimsaidia mpangaji lakini haikutosha kununua hata chokaa. Hapo ndipo ubovu ulipoanzia. Kila familia ilitunza chumba chake, tena vizuri: ukiingia utakuta kitanda kimetandikwa, zidaka zimepangwa vyombo, sakafu imepigwa deki. Ukitoka nje ya mlango wa chumba, ngazi ni ya nani? Ua ni wa nani? Paa je? Aliyekaa chini haoni paa, na aliyekaa juu hana fedha za kulitengeneza peke yake kwa faida ya wenzake watano.

Maji

Sasa turudi kwenye ndoo. Familia sita ndani ya nyumba moja zinahitaji majiko sita na mabafu yasiyopungua mawili au matatu. Mabomba yakapitishwa kwenye kuta ambazo hazikukusudiwa kubeba maji, na bafu likajengwa ghorofani juu ya boriti. Bomba likivuja kidogo kidogo nyuma ya lipu, hakuna anayeona. Maji yanaingia ndani ya ukuta mahali ambapo ncha ya boriti imelala, na ncha hiyo inaoza huku sehemu inayoonekana chumbani ikiwa nzima kabisa, imepakwa rangi.

Tufanye hesabu kidogo. Chumba cha mita 3 kwa 6 chenye boriti kila baada ya sentimita 40 kina boriti 16. Juu yake yamo mawe na chokaa iliyopondwa. Tukikisia unene wa sentimita 25, na uzito wa kilo 1,800 kwa mita moja ya ujazo, dari hiyo ina zaidi ya tani 8. Huo ni uzito wa lori lililopakia, unaning'inia juu ya watu waliolala. Ncha tano au sita zikioza upande mmoja, dari haitoi taarifa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa kawaida tunawaambia vijana maneno hayo kuhusu tabia. Mji Mkongwe yanasemwa kuhusu ukuta wenyewe.

Saruji imeongeza tatizo, ingawa ililetwa kwa nia njema. Chokaa inapumua, maana yake unyevunyevu unaoingia ukutani unapata njia ya kutoka. Saruji inaufungia ndani. Ukuta wa zamani uliopigwa lipu ya saruji unapendeza mwaka wa kwanza, na baada ya misimu michache ya masika lipu inabanduka vipande vikubwa pamoja na mawe yaliyo nyuma yake. Tumeona kuta za misheni za bara zikipata maradhi hayo hayo, kwa sababu mfadhili alileta mifuko ya saruji na kila mtu alishukuru.

Hatari si ya nyumba za watu wa kawaida peke yake. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili walipoteza maisha. Jengo la kale laweza kuanguka mikononi mwa mafundi pia.

Hata hivyo tuwatetee wapangaji. Husemwa sana kwamba wao ndio walioharibu nyumba hizi. Sisi tunaona kwamba nyumba nyingi zimesimama mpaka leo kwa sababu yao. Nyumba iliyofungwa kufuli ikisubiri kesi ya mirathi huanguka mapema kuliko iliyojaa watu. Hakuna anayezibua mchirizi uliojaa majani, hakuna anayeng'oa mche ulioota ukutani kabla mizizi yake haijapenya, wala hakuna anayeweka sufuria pale panapovuja. Bibi aliyekaa chumba cha nyuma miaka arobaini huenda ndiye anayejua pasipo ramani maji yanapoanzia. Fundi mwenye akili humwendea yeye kwanza.

Kazi yenyewe

Mpango ukikubaliwa wa kuiunganisha tena nyumba, kazi huanzia juu na kushuka chini. Paa kwanza, kisha michirizi, kisha mabomba, maana kukarabati dari wakati maji bado yanaingia ni kutupa fedha. Kabla ya kuondoa chochote, dari zote zitegemezwe kwa miti. Baada ya hapo ndipo viambaza vya hadibodi na matofali vinapoguswa, kimoja kimoja. Hapa tunawaomba kamati muwe macho. Kiambaza kilichojengwa chini ya boriti zilizochoka, baada ya miaka thelathini, huenda ndicho kinachoibeba dari. Mwenye haraka anakibomoa siku ya kwanza ili wafadhili waone ukumbi ulivyokuwa mpana, na jioni dari inafuata.

Boriti zilizooza ncha hubadilishwa, zilizo nzima hubaki. Chokaa hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika tanuri, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa ikomae kwa miezi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa nzuri, kwa hiyo chokaa ya kazi ya mwakani inazimwa mwaka huu. Ratiba za miradi yetu, zenye robo nne za mwaka na ripoti kila robo, hazikupangwa na mtu aliyewahi kusubiri chokaa. Tunawaomba wafadhili mtuelewe hapo: robo moja yaweza kupita na kinachoonekana ni shimo lenye uji mweupe, na bado kazi inakwenda vizuri.

Vyoo na mabafu hurudishwa kwenye ile kona ya zamani, kimoja juu ya kingine, bomba moja lipite mahali linapoweza kuonekana na kurekebishwa. Jiko linakuwa moja. Watu husahau kwamba hilo peke yake, kutoka majiko sita kuwa moja, ndilo linaloiponya nyumba zaidi ya kitu kingine chochote. Mlango wa kuchonga uwe wa mwisho. Umesubiri miaka mia moja na zaidi, utasubiri mwaka mwingine.

Kwa upande wa sheria, Zanzibar ina Mamlaka ya Mji Mkongwe iliyoanzishwa mwaka 1985 na sheria ya uhifadhi ya mwaka 1994, na tangu mwaka 2000 mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kubadilisha dirisha au kuongeza ghorofa kunahitaji kibali. Kuwemo katika orodha hiyo kumeleta sifa na wageni, lakini hakumnunulii mwenye nyumba boriti.

Watu

Tumefika kwenye jambo lililotuleta. Nyumba yenye familia sita ikirudi kuwa ya familia moja, familia tano zinakwenda wapi?

Kuanzia miaka ya 1980 Serikali iliuza baadhi ya nyumba ilizokuwa imezitaifisha, kwa matarajio kwamba wanunuzi watazitengeneza. Wengi walitengeneza kweli. Lakini nyumba nyingi zilizotengenezwa zikawa hoteli na maduka ya vinyago, na wakazi wakahamia Ng'ambo na pembezoni mwa mji. Ukipita usiku katika baadhi ya mitaa, taa zinazowaka ni za wageni wa wiki moja. Kwa maoni yetu, ndiyo sababu ya kuunga mkono familia moja inayotaka kukaa, hata kama si maskini wa kutupwa. Familia inayolala humo mwaka mzima itasikia tone la kwanza la mvua.

Hata hivyo hao wengine watano ni watu. Chukueni mama mjane anayeuza maandazi barazani. Mradi utasema umempatia chumba kizuri zaidi, chenye umeme na maji, kilomita saba kutoka hapo. Ni kweli chumba ni kizuri. Lakini wateja wake ni watoto wa shule wanaopita kichochoro kile saa moja asubuhi, na kilomita saba hawapo. Kumlipa thamani ya chumba bila thamani ya baraza ni kumlipa nusu. Mtoto aliye darasa la saba akihamishwa katikati ya mwaka, naye ana hasara ambayo haimo katika hesabu ya mhandisi.

Kwa hiyo tunapoletewa ombi la nyumba ya aina hii tunauliza kwanza orodha ya wakazi, kila mmoja, pamoja na anayelala chini ya ngazi. Kila mtu kakaa miaka mingapi, analipa kodi kwa nani, anapata riziki wapi, na yeye mwenyewe anapendelea nini. Wapo wanaotaka kuondoka, tena kwa furaha, wakipata fedha za kumalizia nyumba walioianza shamba. Wapo wasiotaka kabisa. Mara nyingine jibu zuri ni kuziacha ghorofa mbili za juu kwa familia ya mwenye nyumba, na mpangaji mmoja wa muda mrefu abaki chini na mlango wake wa nje. Hapo nyumba haijawa ya familia moja kikamilifu kama mchoro ulivyotaka. Sisi hatuoni kasoro.

Orodha ya pili ni ya warithi. Sahihi ya mwana mkubwa haitoshi. Tumeona ukarabati ukisimamishwa katikati, miti ya kutegemeza ikiwa bado imesimama sebuleni, kwa sababu mrithi wa ng'ambo ya bahari alipata habari kupitia picha. Kama nyumba ni ya wakf, masharti ya wakf yasomwe kabla ya kumwita fundi. Zanzibar pia ilipitisha mwaka 2010 sheria ya kondominia, inayowezesha watu kumiliki sehemu za jengo moja kwa utaratibu, huku paa, ngazi na kuta zikiwa na chombo cha pamoja cha kuzitunza. Kwa nyumba ambazo wakazi wake sita hawana pa kwenda na hawataki kuachana, njia hiyo inafaa kufikiriwa kabla ya kuwahamisha. Nyumba iliyogawanyika yenye mwenye paa ina afya kuliko tunavyodhani.

Kwa parokia zenye nyumba za misheni, hesabu ni ile ile, isipokuwa mwenye nyumba ni ninyi. Mwalimu na muuguzi wanaokaa humo hawana hati yoyote, na kwa sababu hiyo ni rahisi mno kuwaambia wapishe. Tunaomba kamati itakayotaka kuirudisha nyumba kama hiyo kuwa ya familia moja, ikae nao kwanza, iandike makubaliano, na iweke katika bajeti kodi ya miezi ya mpito. Fungu hilo liwe juu kabisa ya ukurasa, kabla ya mabati. Wafadhili nanyi mkiliona msilikate kwa kudhani ni gharama za utawala.

Fomu ya kuorodhesha wakazi ipo mezani karibu na mlango. Ina kurasa mbili tu. Kamati zinazotaka paa likaguliwe kabla ya masika zijiandikishe leo, maana mvua zikianza fundi hapandi juu. Tuanze na maswali ya walioketi nyuma.